Chura, Barafu na Kiti cha Mkuu wa Idara

Jumatatu, 3 Juni

Mkuu wa shule katangaza: Ijumaa kila mwalimu wa sayansi amwonyeshe jaribio moja. Atakayemvutia ndiye mkuu wa idara. Nakitaka cheo hicho kuliko chakula! Mpinzani ni mmoja tu, mwalimu wa kemia, tunayemwita Tindikali. Yeye ana moshi wa rangi. Mimi wa biolojia nina chura.

Nimemtia kwenye beseni la maji ya barafu. Koo lake, lililokuwa likipwita mbiombio, likaanza kusuasua. Moyo unapoa! Maji yakapata joto, koo likachangamka. Ajabu iliyoje. Nimesahau hata kwenda darasani.

Jumanne, 4 Juni

Mpango: Ijumaa nimsimamishe chura moyo, kisha nimfufue. Tindikali atakiona cha mtema kuni!

Nimemjaribu nyumbani, ndani ya friji, kwenye kopo la siagi. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, akataka siagi. Ukelele huo! Majirani wakajaa mlangoni. Alipotulia akamwonea huruma chura, akamlaza dirishani penye vuguvugu la jua. Punde huyo, karuka hadi sebuleni. Badala ya kuomba radhi nikamuuliza mama kama koo lilianza kucheza kabla ya miguu au baada. Akasema alidhani binti yake kaolewa na mwalimu, kumbe mganga wa vyura.

Ijumaa, 7 Juni

Siku yangu! Chura kapoa barabara, koo tuli. Nikatangaza kwamba moyo umesimama. Tindikali akanyoosha mkono kwa adabu (adabu hizo!) akauliza mbona kifua bado kinadunda. Mkuu wa shule akavaa miwani, akainama. Kweli, ngozi ya kifuani ilikuwa ikiinuka, taratibu, taratibu. Tindikali akaeleza kuwa koo la chura huchezeshwa na pumzi. Moyo uko kifuani, nao kwa baridi ile ulipunguza mwendo tu. Mkuu wa shule akasema hajaona jambo zuri kama hilo, akampa cheo papo hapo. Kwa chura wangu! Nimeumia, sifichi. Chura alipopata joto akaruka, akatua begani kwa Tindikali. Msaliti.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata dawa. Si baridi hupunguza mwendo wa moyo? Meza ya Tindikali iko chini ya kiyoyozi. Nimekishusha hadi mwisho. Apoe, asuesue, aharibu kazi, cheo kirudi kwa mwenyewe. Akaja na koti zito. Meza inayofuata ni yangu.

Jumatano, 12 Juni

Mafua. Homa. Mama mkwe kanilaza dirishani, palepale pa chura, akaniambia nikipata nguvu nisiruke. Mke wangu alitoka nje kucheka.

Tindikali kaja kunijulia hali na machungwa. Akaeleza kwamba binadamu hujipasha joto mwenyewe, si kama chura. Nadharia tu hizo. Kiyoyozi kilikuwa kidogo. Nikipona nitafungua na madirisha.

Nimejitazama kwenye kioo. Koo linacheza vizuri. Moyo mzima kabisa!