Nakala ya Pili ya Dewey Prather

Dewey Prather alikuwa dukani kwa Orrin Haugen akisubiri kahawa, ndipo aliposikia mtu mzima akisononeka, na palipo na masononeko pua yake ilizoea kunusa pesa. Kompyuta ya Orrin ilikuwa imekufa alfajiri ile, ikaondoka na picha zote za harusi ya binti yake. Orrin, muuza chambo cha samaki, mtu na ndevu zake, alikuwa akikifuta kioo kwa kitambaa kana kwamba anamfuta mgonjwa jasho.

"Pole sana, mzee," Dewey akasema, kofia mkononi. "Ulikuwa na nakala mahali pengine?"

Orrin hakuwa na nakala. Dewey alipodadisi zaidi, akagundua kwamba karibu mji mzima wa Nordby, Minnesota, haukuwa na nakala. Akatoka pale hata kahawa ameisahau.

Maana kazi yake, tusifichane, ilikuwa utapeli. Alikuwa ametoka kwao Alabama kwa gari kubwa jeupe ambalo hakupenda kuulizwa habari zake, na njia nzima alikuwa amekula kwa ulimi tu. Jumapili iliyofuata akasimama kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, watu wakiwa na vikombe vya kahawa na vipande vya keki, akahubiri kuliko mchungaji. Msiweke maisha yenu mahali pamoja, akawaambia. Nyumba huungua, bomba hupasuka, mjukuu humwaga soda. Weka nakala mbali, jimbo jingine kabisa, kwenye mitambo yenye ulinzi, na ufunguo uwe nao wewe mwenyewe.

Yote hayo yalikuwa kweli tupu. Uongo ulikuwa mmoja tu, wa mwisho: kwamba huko mbali yeye anako. Leta diski yako, lipa mara moja, atakutunzia mpaka siku ya kuzikwa. Huko mbali kwenyewe kulikuwa nyuma ya gari lake, ndani ya boksi la ndizi, ambamo diski za watu zingesubiri kufutwa na kuuzwa mnadani.

Watu walishaanza kupapasa mifuko. Akanyoosha mkono Arlys Tollefsrud, mjane aliyewahi kuwa mkutubi wa shule na sasa ndiye aliyeiangalia kompyuta ya kanisa.

"Kuweka nimekuelewa, kijana. Sasa nionyeshe kurudisha."

Hakuna tapeli anayelipenda swali hilo. Dewey akatabasamu, akafungua kompyuta yake mwenyewe, na faili lililokuwa karibu likawa ujumbe wa simu wa marehemu mama yake. Ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho chenye sauti ya mama. Aliusikiliza kila asubuhi kabla ya kwenda kuwaliza watu, na asubuhi aliyoukosa hakuna biashara iliyomwendea. Akauhamishia kwenye kompyuta ya kanisa, akaufungulia.

"Dewey, mwanangu, umekula?"

Akaukata hapo hapo. Siku zote alikuwa akiukata hapo. Kisha akaufuta mbele ya macho yao, akagonga vitufe kwa mbwembwe, na wakati wote wakitazama kioo akachomeka kwa chini kijiflashi alichokuwa amekificha kiganjani. Mama akarudi kwenye kompyuta ya kanisa, akauliza kama amekula. Akina mama wawili wakapangusa machozi.

"Si mbaya," Arlys akasema, akawa wa kwanza kulipa.

Dewey alitaka kula kona usiku ule ule. Lakini kila Jumapili zikaja diski zaidi, na wenye diski wakaahidi kwa upole kwamba pesa wataleta Jumapili ijayo, naye mtu wa tamaa akingojeshwa kwa ahadi hukaa. Kwa kuwa hoteli ni gharama, alilala garini, akiwa ameliegesha juu ya ziwa lenyewe, lililoganda barafu ngumu ya kubeba magari, katikati ya vibanda vya wavuvi. Msimu mzima wa baridi palikuwa na magari kibao pale. Machi ilipoingia na jua kuanza kupata nguvu, vibanda vikaanza kuondolewa kimoja kimoja, na Dewey akashukuru kupata utulivu.

Sasa, watu wa Nordby hawamwambii mtu jambo usoni. Nyumba ikiungua watasema leo kuna kajoto. Orrin alimwambia, huku akipanga makopo, kwamba naona gari bado liko kule, wengine huwa wanaondoa mapema. Dewey akaelewa kwamba anasifiwa ushujaa. Mchungaji naye akasema ziwa hupendeza zaidi likitazamwa kutoka ufukweni. Arlys alimtandikia kitanda ukumbini kanisani, akisema yeye asingelala kule, ila yeye ni mwoga. Dewey akahamia, akalifunga gari na kuliacha pale pale. Diski, kompyuta na kijiflashi aliona viko salama zaidi mbali na watu; kila asubuhi alikwenda kumsikiliza mama huko huko. Pesa tu ndizo alitembea nazo ndani ya koti.

Kwenye kaunta ya Orrin lilitokea bakuli la tiketi. Kila mwaka, akaelezwa, mji huacha gari bovu juu ya barafu, na watu hubahatisha siku na saa litakapozama, mapato yakienda kwa kikosi cha zimamoto.

"Na la mwaka huu liko wapi?" akauliza.

"Lipo," Orrin akasema, akageukia habari za bei ya chambo. Dewey, asiyependa kupitwa na mchezo, akanunua tiketi mbili.

Jumapili ya mwisho walikuwa mezani, viazi na nyama ya kusaga vikifuka moshi, pale ziwa lilipotoa mlio mrefu. Watu wote wakainuka, wakatazama saa zao, wakatoa tiketi. Dewey alifika dirishani wa mwisho. Gari jeupe lilikuwa limeinamisha pua, likateremka polepole bila haraka yoyote, mpaka likabaki paa. Mke wa mchungaji akasema kwa sauti ndogo kwamba nadhani aliyeshinda ni mimi.

Dewey alitoka mbio. Orrin akamdakia koti ukingoni.

"Niache! Mama yangu yumo mle!"

Walishtuka kweli, mpaka akaeleza, akiwa amekaa kwenye theluji na machozi yakimtoka bila aibu, kwamba ni sauti tu. Kompyuta imo mle, flashi imo mle, na nakala nyingine hana.

"Hukuweka mbali?" Arlys akamuuliza.

Akamrudisha ndani, akamkalisha. Kwa sauti ile ile ya maktaba akamwambia kwamba mahubiri yake yaliwaingia. Wiki ile ile walitafuta kampuni ya kweli, ya jimbo jingine, wakaweka, wakajaribu kurudisha, vikarudi. Wakajaribu na ya Dewey, wakaona hairudishi hata picha ya paka. Lakini pesa zao za mwanzo alikuwa nazo, kwa hiyo ikabidi wamkalishe kwa ahadi mpaka zirudi. Diski zote walizomletea baada ya hapo zilikuwa na kitu kimoja: Harlan, marehemu mume wa Arlys, akipiga kinanda cha akodioni.

"Kompyuta ya kanisa nayo tumeiweka huko," akasema. "Kila kilichokuwamo, kijana. Kila kitu."

Dewey akainua uso.

"Bei?"

"Unalipa mara moja tu. Kilichomo ndani ya koti."

Hakubishana. Alikung'uta koti zima katikati ya sahani, mpaka tiketi zake mbili. Arlys akabofya.

"Dewey, mwanangu, umekula?"

Akarusha mkono kukata, kwa mazoea, ila mkono wa Arlys ulikuwa umeshatangulia.

"Kama umekula, nisikilize. Mjomba wako Hollis amekuja tena kulia hapa. Mrudishie gari lake, Dewey. Na asilikute na mkwaruzo."

Ukumbi mzima ukageuka dirishani. Lile paa jeupe lilikuwa bado linaonekana, kidogo.

"Mkwaruzo," Orrin akasema baada ya kulitazama vizuri, "mimi sijauona."