Kuhusu Alama Nne Nilizojiandikia kwa Mkono Wangu

Chumba cha Kumbukumbu,
Ghorofa ya chini, mlango unaotazamana na ngazi.

Ndugu Mkurugenzi wa Hospitali,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ikiwezekana ukiwa umeketi. Mimi ni karani wako wa kumbukumbu, yule mrefu ambaye tukipishana kwenye ngazi huniita Mzee wa Mafaili. Kwa miaka ishirini na miwili nimeandika katika madaftari ya hospitali hii nani kaja, nani kalazwa na nani karudi kwake, wala sijakusumbua kwa neno. Leo nakusumbua.

Kama unavyojua, Jumatano iliyopita wafanyakazi wote tulipimwa kumbukumbu ya muda mfupi na umakini, kwa agizo lako. Mpimaji, binti mpole mwenye sauti ya chini, alikaa chumba cha mikutano akatuita mmoja mmoja, akajaza alama zetu kwenye karatasi yake, kisha akaniletea nizinakili kwenye daftari kubwa, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nikazinakili. Nilipofika kwenye jina langu nikajiandikia nne kati ya kumi, kwa mwandiko mzuri tu, nikapuliza wino ukauke, nikaendelea na mpishi. Nilikuwa nimeshafika kwa dereva ndipo nikashtuka kwamba yule mwenye nne ni mimi.

Naleta malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Maneno yenyewe. Binti alinisomea maneno kumi: kijiko, mvua, shemeji, kabati na mengine ya namna hiyo, akanitaka niyarudie. Niliyarudia. Yeye akaandika bila kutikisa hata unyusi, nami nikatoka pale kifua mbele. Lakini tuseme niliteleza. Kijiko na shemeji vinahusiana nini? Mafaili yangu yana wenyewe. Niulize mama aliyejifungua mapacha mwaka ule paa la wodi lilipovuja, nitakutajia kitanda chake na upande yalikodondokea maji. Mtu haulizwi kijiko ambacho hakina mwenyewe.

2. Umakini. Nilipewa ukurasa mzima nikate kila herufi "m" niionayo. Humo nikakuta maneno mawili yameandikwa vibaya, nikayasahihisha, nikaongeza na nukta mahali palipokosa. Binti akaniambia taratibu, "Mzee, hukuambiwa usahihishe." Nikamjibu, "Binti yangu, kosa nikiliona siwezi kulipita." Naomba jibu hilo liingizwe kwenye faili langu.

3. Jina langu mbele za watu. Habari zilifika jikoni kabla yangu. Karani wa Kumbukumbu kupata nne ya kumbukumbu ni jambo ambalo hata mimi, lingempata mwingine, ningelicheka wiki nzima. Mpishi, ambaye ana nane, sasa huniuliza kila mchana kama nimeshakula. Kinachoniuma si kuulizwa. Kinachoniuma ni kwamba juzi ilibidi nifikirie kwanza.

4. (Hili lilikuwa zito kuliko yote. Nimeliachia nafasi.)

5. Nyumbani. Mke wangu aliposikia hakushangaa, na huko kutoshangaa ndiko ninakolalamikia. Alinikumbusha, huku akikunja nguo, kwamba niliwahi kuingia kikao cha wazazi katika shule ambayo hatuna mtoto, nikachangia hoja, nikachaguliwa katibu, nikatumikia miaka miwili. Sikatai. Lakini waulize wazazi wale kama wamewahi kupata mihtasari safi kama yangu.

Kisha binti yetu wa mwisho akaamua kunipima mezani. Akanitajia vitu kumi. Nilipotaja vinne nikakwama, alicheka. Nilipozidi kukwama aliacha kucheka, akainuka akaanza kutoa vyombo ambavyo bado vilikuwa na chakula. Kesho yake sikutumwa dukani. Mke wangu aliandika orodha akampa binti, akaniambia nipumzike. Mkurugenzi, miaka yote katika nyumba ile mimi ndiye ninayetumwa dukani, na nimelalamika miaka yote. Sikujua kwamba ni heshima mpaka iliponitoka.

6. Agizo lako la pili, kwamba aliyepata chini ya tano aondolewe kazi za kuandika. Nimeambiwa kuanzia Jumatatu niende stoo ya mashuka. Nimeshakwenda kuiona. Mashuka yote ni meupe, hayana jina, hayana tarehe, hayana historia ya ugonjwa. Mtu anayedaiwa hakumbuki, unampelekaje mahali ambapo hakuna cha kukumbuka?

Tena nikueleze ukweli ambao sijamwambia mke wangu. Tangu niione nne ile nimeanza kusahau kweli. Alhamisi nilisimama mbele ya kabati la herufi K bila kujua nimefuata nini, nikasimama hadi muuguzi wa zamu akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia nakagua bawaba. Jumanne, siku moja kabla ya kipimo, sikuwa mtu wa kukagua bawaba.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Nne itangazwe kuwa alama ya kufaulu, maana mwenye nne hajasahau yote, kachagua. Waliopata zaidi ya saba wachunguzwe, kwa kuwa mtu asiyesahau kitu ni hatari kwa majirani: ndiye anayekumbuka nani hakuja kumpa pole miaka tisa iliyopita, na alikuwa amevaa nini siku alipotakiwa kuja. Hatimaye, uongozi wote wa hospitali ukabidhiwe watu wa nne, ambao vikao vyao havitakuwa na ugomvi, kwani hakuna atakayekumbuka waliishia wapi. Na kama haya yote hayawezekani, basi niachiwe kiti changu tu. Nitakikalia bila kugusa kalamu.

Wasalimie wauguzi wa wodi zote, wa maabara, mama wa mapokezi, na yule bwana anayenisalimia kwa furaha kila asubuhi ambaye jina lake naogopa kumuuliza kwa mara ya tatu.

Ndimi mtumishi wako, ambaye hadi Jumatatu bado anaandika,

Karani wa Kumbukumbu

Baada ya kusaini: Nilikwenda kuchukua daftari nikuambatanishie nakala, nikaliweka kando ya karatasi ya mpimaji. Karatasi hiyo ina mstari wa juu kabisa ulioandikwa "mfano", wenye alama kumi, wa kuonyesha jinsi ya kujaza. Kwa kuwa majina nilikuwa nimeyaandika mapema, nilinakili safu ya alama peke yake, na nikaanzia kwenye mfano. Kwa hiyo kila mtu hapa hospitalini amepata alama za aliyemtangulia. Nane ya mpishi ni yangu. Za mlinzi, aliyekuwa wa mwisho, zilibaki bila jina, nikadhani binti amekosea, nikazikata.

Hivyo basi nina nane, na kwa ushahidi wa daftari langu mwenyewe sistahili hata mbili. Kipimo ni kizuri, sina tena ugomvi nacho, na malalamiko yote nayaondoa.

Limebaki jambo moja dogo. Aliyeingia kabla yangu, wa kwanza kabisa, kwa kuwa alikuwa anawahi kikao, ni wewe. Ile kumi tuliyokupigia makofi ni ya mfano. Sijasahihisha kitu wala sijamwambia mtu. Kalamu ina wino, nasubiri maelekezo. Ila ukichelewa kunijibu, siwezi kukuahidi kwamba nitasahau.