Dirisha la Vidole Viwili

Tucson, Arizona
Juni, siku chache baada ya sikukuu ya San Juan

Kwa Mkuu,
Mpango wa Kutengeneza Nyumba za Zamani.

YAH: MASHINE YENU KUFANYA KAZI VIZURI, NA MADHARA YALIYONIPATA

Mheshimiwa Bibi Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ofisini mwako mna baridi ya kutosha. Kichwa chake kinajieleza, lakini nitakieleza tena, maana huenda ukadhani nimekosea kuandika. Sijakosea.

Mimi ni Eleuterio Bracamonte, mstaafu na mgane, mwenye ile nyumba ya matofali ya udongo nyuma ya reli. Mwezi wa nne mliniwekea juu ya paa sanduku jipya ambalo peke yake linatoa baridi wakati wa joto na joto wakati wa baridi. Sikuliomba. Aliyeomba ni binti yangu Amparo, anayeishi San Diego, ambako upepo wa bahari huwapa watu nafasi ya kuwahurumia wengine. Nilitia sahihi kwa sababu alilia kwenye simu.

Maisha yangu yote ya kazi nilipaka mistari ya barabara za jiji hili, ya njano na myeupe. Kwa hiyo naheshimu amri, wala sina tabia ya kusumbua ofisi. Lakini maji yamenifika shingoni, nami nayapanga malalamiko yangu kwa namba ili msipate shida kuyashughulikia.

1. Kuhusu kreni.

Sanduku lenu lilipitishwa juu ya nyumba yangu likining'inia kwenye mnyororo, mtaa mzima ukiangalia. Doña Cuca, yaani Bibi Cuca, jirani yangu wa mkono wa kulia, alikuja na mwavuli. Don Wenceslao, mzee wa nyumba ya pili, aliniambia, "Leo Eleuterio ama unapata nyumba mpya ama unapoteza ya zamani. Sogea kidogo, unanizibia."

Nilikuwa nimejiandaa kulalamika. Maneno nilikuwa nayo tayari, mengine makali. Basi dereva wenu akalishusha lile sanduku taratibu, kama mama anayemlaza mtoto aliyesumbua usiku kucha. Ukuta haukupata ufa. Hata vumbi halikuanguka. Mpaka leo maneno yale ninayo, hayana kazi.

2. Kuhusu kimya.

Sanduku letu la zamani lilikuwa la maji. Feni ndani, pampu chini, na kando zake mikeka ya mbao zilizochanwa nyembamba kama nywele, maji yakitiririka juu yake. Lilikuwa linagonga, linavuja, linalia kama punda. Lakini siku ya kwanza ya kuliwasha, mikeka ikiwa mipya, nyumba nzima ilinuka mvua kabla ya mvua. Marehemu mke wangu, Hortensia, alikuwa anasimama chini ya tundu la hewa pale ukumbini, nywele amezifungua, anasema, "Haya, sasa nimeusamehe mwezi wa tano."

Mashine yenu hainuki chochote. Haigongi. Nikiamka alfajiri sijui kama inafanya kazi au imekufa, inabidi niinue mkono juu kama mtoto anayeomba ruhusa darasani.

Isitoshe, kila mwaka nilipanda paani kubadilisha mikeka. Hortensia alinishikia ngazi, na kwa kuwa nikiwa juu sikuwa na pa kukimbilia, ndipo aliponitajia makosa yangu yote ya mwaka. Mwaka huu fundi wenu amesema hakuna haja ya mimi kupanda. Sijatajiwa hata kosa moja, Bibi Mkuu, nami nina hakika yamejaa.

3. Kuhusu madirisha, na hapa ndipo penye kidonda.

Wewe huenda umekulia kwenye mashine hizi mpya, kwa hiyo niruhusu nikueleze. Sanduku la maji linasukuma hewa ndani, na hewa ile lazima ipate pa kutokea. Unafungua dirisha kidogo, na ubaridi unalifuata dirisha lililo wazi. Ukifungua la jikoni, jikoni kunapoa. Ukilifunga, jikoni kunakuwa tanuri.

Hortensia aliitawala nyumba kwa njia hiyo. Hakuwahi kunipazia sauti. Nikiingia na viatu vilivyojaa rangi ya barabara, nilikuta dirisha la upande wangu limefungwa na la Amparo li wazi, nami nikajua. Dada yake Hortensia alipokuja kukaa wiki mbili akamaliza mwezi, siku moja alikuta dirisha la chumba cha wageni limeshushwa mpaka chini. Aliondoka Jumapili ile ile, na waliagana kwa mabusu.

Dirisha ambalo halikufungwa kabisa ni la chumba chake cha kushonea, la kupandisha kwa juu. Lilikaa wazi vidole viwili, vidole vyake, kwa sababu vyangu ni kama karoti. Ili nisikosee, aliweka chini ya dirisha rili ya uzi ya mbao, ameilaza. Unene wake ndio kipimo.

Fundi wenu, kijana Verlin Antone, ana adabu sana. Alinielekeza kwamba kwa mashine hii madirisha yote yafungwe. Nimeyafunga. Isipokuwa hilo.

4. Kuhusu paka wa Doña Cuca.

Hortensia alinitoka mwezi wa kwanza. Tangu mazishi sikuwa na hamu ya kukaa na watu. Walipobisha niliwajibu kupitia mlangoni kwamba joto limezidi, ingawa mwezi wa pili hakuna joto.

Sasa mashine yenu, kwa bidii yake, ikaanza kutoa baridi kwa nje kupitia vile vidole viwili. Wa kwanza kugundua ni paka. Alijilaza chini ya dirisha, kwenye kivuli, akakataa kuondoka. Doña Cuca akaja kumtafuta. Nilimsikia akisema, "Wewe mshenzi, kumbe uko..." Kisha nikasikia kiti kinaburutwa.

Hakurudi kwake mpaka saa ya chakula cha usiku, na alirudi ili akakilete.

5. Kuhusu kundi zima.

Kesho yake alikuja Don Wenceslao na meza ya dhumna. Aliutoa wavu wangu wa nzi bila kuniuliza, akausimamisha ukutani, akainama na kuchungulia. "Eleuterio, uko humo?"

Nikasema nipo.

"Basi usitoke. Hatujakufuata wewe. Tumefuata baridi."

"Na baridi yenyewe ndogo," akaongeza Doña Cuca. "Hortensia angeona haya."

Tangu siku hiyo wapo kila alasiri. Wanaleta viti, wanaleta jamaa zao. Wanatoa malalamiko, kana kwamba mimi ndiye ofisi. "Eleuterio! Umelala? Huku nje tunaiva!" "Eleuterio, mwambie mwanamke wako wa paani akaze kidogo!" Siku ya San Juan, ambayo huku ndiyo ya kuombea mvua, waliimba mpaka mbwa wa mtaa wakaitikia, na mvua, kama kawaida yake, haikuja.

Mimi nakaa ndani kwenye kiti cha Hortensia, mbele ya cherehani yake, na kwenye ule upenyo naona mikono yao tu. Wananilisha kupitia humo. Tortiya, chapati zetu za ngano, zinapita vizuri zikikunjwa mara moja. Kete za dhumna nazo zinapita. Don Wenceslao anazisukuma saba saba, nami nacheza kwa kuzirudisha moja moja, na akishinda anagonga dirisha kwa kidole. Nimegundua anaiba, kwa sababu anayeona mikono tu anaona vizuri zaidi. Nimemwambia. Amejibu kwamba aliniibia mbele ya macho yangu miaka thelathini na sikuwahi kusema kitu, kwa hiyo ni haki yake sasa.

Nakuuliza, Bibi Mkuu, je, huku ni kuomboleza? Mtu aliyefiwa anastahili utulivu. Wiki iliyopita nilicheka, na mdomoni nilikuwa na tortiya.

6. Kuhusu hasara kwenu.

Hili linawahusu ninyi moja kwa moja. Verlin alipofika kwa Doña Cuca kupima paa ili naye awekewe mashine, alimkuta chini ya dirisha langu amevua viatu. Doña Cuca akamjibu hivi: "Mashine ya nini, mwanangu? Ninayo. Iko kwa jirani." Don Wenceslao alimwambia kwamba yeye yuko tayari kutia sahihi, ila mashine yake iwekwe juu ya paa langu, karibu na ile nyingine.

Verlin, maskini, akainama akaliona dirisha. Alisema kwa upole, "Don Eleuterio, baridi yote inapotelea hapa. Mashine inapoza kichochoro. Itachoka kabla ya wakati wake, na dhamana haitailipia." Akasema hana budi kutoa taarifa, na kwamba Jumanne mkaguzi atakuja kulikaza dirisha hilo kwa skurubu.

Kwa hayo yote, ombi langu ni moja. Mkaguzi huyo aje kweli. Aje na skurubu ndefu. Tafadhali muwe wakali, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshindwa.

Sisemi kwamba sikujaribu. Juzi nililipandisha dirisha kwa mkono mmoja, na wa pili nikaupeleka kwenye rili. Bado ina uzi wa kahawia, ule aliopindia Hortensia suruali yangu ya kanisani, na mwisho wa uzi ameubana kwenye ufa wa mbao kama alivyozoea, usifumuke. Niliishika. Don Wenceslao, bila kuinama wala kuchungulia, akasema kutoka nje, "Hiyo usiiguse. Cheza."

Nikacheza.

Kwa hiyo nawaachia ninyi. Mimi nimezoea kwamba mstari ukishapakwa, watu wanaufuata. Pakeni huu mstari. Dirisha likifungwa, mashine itapumzika, Doña Cuca atapata ya kwake, nami nitabaki na utulivu wangu, ambao nina haki nao kisheria.

Wasalimie wote hapo ofisini. Msalimie Verlin, na umwambie alisahau kofia yake, na paka anailalia. Msalimie dereva wa kreni, sina neno naye tena. Msalimie pia yule anayefungua barua kabla hazijakufikia. Namwomba radhi kwa mwandiko, mkono wangu umezoea brashi pana.

Ni mimi, mwananchi wako mtiifu kwa kila jambo isipokuwa hilo moja,

Eleuterio Bracamonte

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kwenda posta, na kumetokea jambo dogo. Jana Doña Cuca alileta tikiti maji, na kipande hakikupita kwenye upenyo. Don Wenceslao alishauri kikatwe chembamba zaidi. Doña Cuca akasema yeye hajawahi kumkatia mtu tikiti kama karatasi na hataanza uzeeni. "Eleuterio, toka nje ule kama mtu!" Basi kabla ya kutoka niliisimamisha ile rili. Hortensia aliisimamisha siku za wageni tu, na ikisimama ni vidole vinne. Baridi ni nzuri sana kwa upande huu, sikuwa najua. Mkaguzi akija Jumanne, skurubu aziache garini, lakini kiti aje nacho, maana kile kimoja kilichokuwa kimebaki nimekikalia mimi.