Mvinyo Uliokufa

Ulimi alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu kidevuni, aliposikia riziki yake ikilalama kutoka kiti cha pili. Ilikuwa sauti ya tajiri wa mabati. Alikuwa na kabati zima la mvinyo, mwekundu na mweupe, alilolijaza zamani kwa maringo tu, maana mwenyewe hanywi. Sasa wakwe wanakuja Jumamosi kumchumbia binti yake, na hajui afungue upi.

"Mzee wangu," Ulimi akadakia, "mimi kazi yangu ni kuonja."

Haikuwa uongo mtupu. Vya watu alishavionja vingi. Ila mvinyo hakuwahi kuugusa, yeye ni mtu wa bia. Alichokuwa nacho ni maneno, koti la kukodi, na saa ya dhahabu aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mwili mzima, kitu cha kweli kilikuwa hiyo saa tu, na aliipenda kuliko nafsi yake.

Kesho yake sebuleni, shangazi wa tajiri, aliyemtunzia nyumba miaka nenda rudi, ndiye aliyezibua chupa. Vizibo vilitoka bila ubishi wowote. Ulimi akazungusha glasi, akachomeka pua, akafumba macho.

"Huu mwekundu una majani makavu. Moshi kwa mbali. Na utamu fulani hivi... wa jikoni."

"Jikoni?" shangazi akashtuka.

"Jikoni kwa mfalme, mama."

Akaonja mweupe. "Huu una limau, na haya kidogo, kama bi harusi." Moyoni alishangaa. Kumbe mvinyo ni kitu kitamu hivi, tena unatuliza tumbo!

Kisha akaweka glasi chini, akainamisha kichwa. "Mzee, pole sana. Umekufa."

"Nani?"

"Mvinyo. Wote. Hufa kwa ndani, chupa ikabaki nzima. Mkwe akiunywa huu, posa imevunjika."

Tajiri akavua kofia. "Basi tuumwage."

"Usithubutu! Nitaubeba mwenyewe nikauzike kitaalamu."

Shangazi akajifuta machozi. Tajiri akadhani ni majonzi.

Getini, wakipakia masanduku kwenye teksi, shangazi alimsogelea Ulimi. "Mwanangu, huu mvinyo haujafa. Unajua, na mimi najua. Nimwite mwenyewe?"

Ulimi akashusha sauti. "Mama, tuelewane."

"Tuelewane kwa hiyo saa."

Ulimi akamfikiria baba yake. Akayatazama masanduku, akaifikiria hoteli itakayoyanunua. Akaivua saa, na roho ikamuuma kwelikweli.

Meneja wa hoteli alizibua chupa, akanywa funda, akamtazama Ulimi kwa huruma.

"Kaka, hii ni chai ya rangi."

"Na mweupe?"

"Maji ya limau na sukari."

Ulimi akaketi juu ya sanduku. Majani makavu. Moshi. Jikoni. Maskini, siku hiyo kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amesema ukweli mtupu, na hakujua.

Jumamosi wakwe walikunywa soda, posa ikapita, na tajiri akawasimulia habari za mtaalamu aliyemwokoa na aibu. Shangazi, ambaye kwa miaka yote hiyo alijipatia glasi moja kila jioni na kuzijazia chupa kilichokuwepo jikoni, alikubali kwa kichwa. Kisha akakunja mkono wa gauni, akatazama saa yake, akasema chakula kiko tayari.