Baridi ya Bagamoyo

Mzungu alipitishwa sokoni saa sita mchana amelazwa kwenye machela, kafunikwa mablanketi matatu, na meno yake yaligongana hata muuza kahawa, aliyezoea kugonganisha vikombe kuita wateja, akageuka kwa hasira akidhani amepata mshindani. Jua lilikuwa limechomoza baada ya siku nne za mvua ya masika na mbwa wote wa soko walikuwa wamelala ndimi nje. Watu wakasema maskini, homa imemkamata, wakarudi kwenye bei zao.

Sadallah hakusema maskini. Alimsindikiza mgonjwa kwa macho mpaka machela ikapinda kona, kisha akatabasamu peke yake.

“Anaona baridi,” alisema.

Wapo watu wanaopata mawazo makubwa wakiwa msikitini. Sadallah aliyapata karibu na mafungu ya muhogo, na naomba tuyape heshima yake hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa Winde, miaka arobaini, mwenye joho jeusi la kupendeza na mfuko mtupu. Kule Kerege aliwahi kumuuzia mtu nusu ya kisima, nusu ya chini. Fukayosi aliuza dawa ya kufukuza nguruwe ambayo nguruwe waliipenda sana. Ulimi wake ulikuwa wa kumtoa nyoka pangoni, lakini kila alichopata kiliishia njiani, na mke wake Mwanajuma alikuwa amechoka.

“Safari hii ukirudi na hadithi,” alimwambia siku anaondoka, “utanikuta kwa baba. Nakupa mpaka mwezi uandame. Nataka kula, Sadallah, sitaki kusimuliwa.”

Hakuwa anamtisha tu. Na Sadallah alimpenda mke wake, hilo silifanyii mzaha. Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili.

Basi mwaka ule Wazungu walikuwa wameanza kuulizia nyumba za kupanga, na kila mwenye nyumba ya mawe alikuwa anapaka chokaa mbio mbio. Mmoja wa wenye nyumba hao alikuwa Bi Mize binti Rajabu, mjane mwenye vyumba viwili vitupu chini, biashara ya kamba wakavu, na pembe ya ndovu ndefu kuliko mlango. Sadallah alimkuta barazani, ungo mapajani, anachambua kamba. Nyuma yake makanda yalipangwa hadi dari. Mvua ilikuwa imekataza kuanika, na harufu ya wale kamba ilikuwa imeanza kutembea mtaani peke yake.

“Shikamoo, Bi Mize.”

“Marahaba. Kama ni sadaka, njoo Ijumaa. Kama ni kuposa, nimechoka.”

“Nimekuletea mpangaji wa Kizungu.”

Mkono wa Bi Mize ulisimama juu ya ungo. “Yuko wapi?”

“Atakuja mwenyewe, ukimwekea kinachomvuta. Nikuulize, Bi Mize: kwa nini Wazungu wanakufa hapa kwetu?”

“Homa.”

“Ndivyo tunavyosema sote. Lakini umewahi kumwona mtu wa homa akililia blanketi saa sita mchana?”

“Marehemu mume wangu. Alililia manne.”

Sadallah hakutarajia jibu hilo, ila ulimi wake haukuwa na kawaida ya kumsubiri. “Huyo aliambukizwa na Wazungu! Wao ndio wenye baridi yao. Kwao nyumba zina joto ndani ya kuta. Boila moja uani, chini moto, ndani maji. Yakichemka yanapita kwenye mabomba chumba hadi chumba, yakipoa yanarudi kuchemshwa tena. Mtoto wa Kizungu anazaliwa humo, anakulia humo. Sasa mtoe, mlete hapa, mlaze kwenye kuta zako hizi, baridi kama kisima. Atapona?”

“Na hiyo dawa ya kwinini wanayokunywa?”

“Ni chungu mno. Mtu akiinywa anasahau baridi kidogo.”

Bi Mize alitazama makanda yake, akatazama mawingu yaliyokuwa yanajikusanya tena, akatazama joho la Sadallah.

“Hilo boila unalo?”

“Limebaki moja. Jipya, limetoka Adeni.”

“Unataka nini?”

“Pembe iliyo chini ya kitanda chako.”

“Nani kakwambia iko chini ya kitanda?”

“Mji mzima, Bi Mize.”

“Haya,” alisema mjane, akarudi kwenye ungo wake. “Lete nilione. Likifanya kazi, tutaelewana.”

Boila lenyewe lilikuwa Kaole, nusu limezama kwenye matope ya pwani, limeng'oka kutoka mashua ndogo ya moshi iliyoachwa ioze. Sadallah alikuwa ameliona akipita. La nani, hakuuliza, maana kuuliza ni kazi ya watu wenye nafasi. Juu ya maboila alijua jambo moja tu: alipokuwa mpishi melini, boila lilikuwa jirani ya jiko, na watu wake walikuwa na hasira siku zote.

Kulikokota mpaka mjini kulitaka watu. Wapagazi kumi na wawili wa Kinyamwezi walikuwa wamekwama mjini kwa mvua, na walikubali kazi kwa ujira wa mbele. Sadallah aliuza joho. Lilimuuma kama kuuza ngozi yake, lakini alijipa moyo kwamba mwenye pembe ya ndovu anaweza kuvaa majoho mawili kwa mpigo. Kwa siku mbili walilibingirisha boila juu ya magogo ya minazi, wakiimba, mvua ikiwapiga, na kila aliyeuliza yale matope ni ya nini aliambiwa ni mafuta maalumu ya Adeni ya kuzuia kutu.

Bi Mize alilizunguka boila uani mara moja, akaweka kiganja kwenye mbonyeo mmoja mkubwa ubavuni. “Maashallah,” alisema. “Jipya kabisa.”

Akamwita fundi chuma wa misheni, Raymundi, mtu mpole ambaye maneno yake yalitoka moja moja kama anayalipia. Raymundi aliinama akachungulia ndani.

“Boila hili...” alianza.

“Jipya,” alisema Sadallah.

“Jipya,” alirudia Raymundi. Akaingiza mkono, akatoa kaa mkubwa aliye hai, akamweka chini taratibu ili asimuumize.

Kazi ikaanza. Kukwangua kutu. Kusugua ukoga wa chumvi ulioganda tumboni, mnene kama ukoko wa wali. Kuziba matundu. Mabomba ya shaba yaliyokuja na boila kutoka kwenye mashua yalifika mlangoni tu yakaisha, hivyo Bi Mize akatoa magobori mabovu ya misafara ya marehemu, na Raymundi akaunga mitutu yake mmoja kwa mmoja mpaka ikazunguka kuta zote.

“Kilango cha kupumulia kiko wapi?” Raymundi aliuliza siku ya tatu.

“Cha nini?”

“Mvuke ukizidi, utoke.”

“Na usipotoka?”

“Tutatoka sisi,” alisema Raymundi. “Na paa.”

Kilango kikawekwa. Kila jioni Bi Mize alileta uji wa moto na kumvisha Sadallah kilemba cha ukoka: fundi wa Adeni huyu, mikono ya dhahabu hii, lakini chumba cha pili je, Mzungu atalala chumba kimoja kama kuku? Sadallah akaongeza mabomba chumba cha pili. Akaambiwa joto halifiki pembeni, akageuza mabomba. Mikono yake, ambayo ilikuwa haijawahi kushika kitu kizito kuliko mwiko wa jikoni, ilijaa malengelenge. Mwezi ulibakiza siku nne.

“Sasa nipe pembe yangu,” alisema moto ulipowashwa na mitutu ikaanza kuguruma.

“Mwanangu, mimi sinunui kanzu kabla sijaona mtu kaivaa,” alisema Bi Mize. “Ingia ukae kama Mzungu. Siku tatu. Madirisha yafungwe, joto lisitoroke. Ukiomba mlango ufunguliwe, nitajua halifai.”

Sadallah aliingia. Kuzunguka chumba kizima, juu ya mabomba, vilikuwa vimejengwa vichanja, na juu ya vichanja walitandazwa kamba.

“Bi Mize! Hawa wanafanya nini humu?”

“Wageni wako,” sauti ilijibu nyuma ya mlango, na komeo likalia. “Mzungu gani anakaa chumba kitupu?”

Ningependa kusema Sadallah aliyastahimili yale kwa utulivu. Saa ya kwanza alivua kanzu. Saa ya pili alilala sakafuni, shavu kwenye saruji ya chokaa, akitafuta baridi aliyoitukana. Kila Bi Mize alipogonga kuuliza hali, alijifunga blanketi na kujibu kwa sauti ya mtu anayestarehe.

“Raha tupu, Bi Mize! Kidogo tu nasikia ubaridi miguuni.”

“Ubaridi? Raymundi, ongeza kuni!”

Akajifunza kutosikia ubaridi.

“Na kwa kuwa umekaa tu,” alisema mjane siku ya pili, “uwe unawageuza hao wageni wasiungue upande.”

Aliwageuza. Aliwageuza asubuhi, adhuhuri na alasiri. Bi Mize alipofungua dirisha kidogo, waliokauka aliwapitisha nje kwa kanda, na wabichi waliingizwa mahali pao. Aliruhusiwa kutoka kwenda chooni tu, tena mbio. Jasho lilimtoka mpaka akadhani litakwisha, na katika lile jasho aliiona pembe, nyeupe, ndefu, na Mwanajuma ameikumbatia. Hilo ndilo lililomweka ndani. Mtu aliyewahi kukimbia kila kazi ya halali kutoka Pangani hadi Kerege alikaa siku tatu kwenye tanuri bila kuomba mlango.

Siku ya tatu komeo lilifunguliwa. Sadallah alitoka amekonda, mwekundu wa macho, ananuka kama soko la samaki. Uani makanda yalikuwa yanabebwa kupelekwa kwenye jahazi la Unguja, moja baada ya jingine, kamba wakavu wanaolia kama majani makavu. Mji mzima ulikuwa na kamba waliooza. Bi Mize peke yake alikuwa na wa kuuza.

“Umeshinda,” alisema mjane.

“Pembe,” alisema Sadallah. Ndilo neno pekee lililobaki kinywani.

“Pembe ya nini?”

“Ya boila!”

“Mwanangu, ninunue boila langu mwenyewe?” Bi Mize alipapasa ule mbonyeo ubavuni. “Marehemu aliligonga kwa nanga hapa, mwaka aliponunua ile mashua. Miaka mitano natafuta wa kunikokotea kutoka Kaole. Kila mtu anataka ujira. Ukaja wewe.”

Sadallah alimgeukia Raymundi. “Ulijua?”

“Nililitengeneza mwaka ule.”

“Mbona hukuniambia?”

“Hukuuliza,” alisema Raymundi, akaendelea kufuta masizi.

Sadallah akakaa chini kwenye majivu. Hakuwa na joho, hakuwa na pembe, na mwezi ulibakiza siku moja. Alilia, tena kwa sauti, na sioni aibu kusema hivyo kwa niaba yake. Bi Mize alimwacha alie mpaka makanda yakaisha kubebwa, kisha akamletea uji.

“Boila linataka mtu,” alisema. “Kukwanguliwa masizi, kuoshwa tumbo kila wiki, na masika yote kamba wataletwa na watu wengine pia. Raymundi ana kazi zake misheni. Wewe umelijua nje na ndani, na hukuomba mlango. Chumba cha nyuma ni chako, chakula juu yangu, na kanda moja la kamba kila mwezi. Una mke?”

“Mpaka kesho,” alisema Sadallah.

“Basi kamlete.”

Alitembea kwenda Winde kama anayefukuzwa, na tangu kivuko cha Ruvu aliapa kwamba safari hii atasema kweli. Alimkuta Mwanajuma mlangoni anashona mkeka. Akamwambia yote, hakupunguza wala hakuongeza. Mwanajuma alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachoma sindano kwenye mkeka.

“Ulijifungia siku tatu kwenye chumba cha moto.”

“Ndiyo.”

“Unageuza kamba. Juu ya mitutu ya bunduki.”

“Ndiyo, mke wangu, wallahi.”

“Na boila ulilokuwa unamuuzia huyo mjane lilikuwa lake mwenyewe. Naye, badala ya kukupeleka kwa liwali, kakupa chumba na kazi.”

“Ndivyo ilivyokuwa.”

“Sadallah,” alisema Mwanajuma, na sauti yake ilikuwa ya huzuni zaidi kuliko ya hasira, “umenidanganya miaka sita, lakini zamani ulikuwa unajitahidi. Hii hata hukuifikiria.”

Akainuka, akaingia ndani. Sadallah alimsikia anafunga nguo zake za kwenda nazo kwa baba yake. Hofu ilimshika, hofu ya kweli, kubwa kuliko ile ya tanuri. Akasimama mlangoni.

“Basi ngoja nikwambie kweli,” alisema. “Niliona haya kujisifu. Mzungu mmoja mkubwa kanifanya msimamizi wa jumba lake. Vyumba saba. Kasema nisirudi bila mke wangu, maana funguo haachiwi mwanamume.”

Mwanajuma aliacha kufunga nguo.

“Vyumba saba?”

“Vinane, ukihesabu jiko.”

Mwanajuma alitoka na furushi la nguo kichwani na sufuria mkononi, uso umemchanua kama siku ya harusi. “Na wewe mwanamume, mbona hukusema mapema? Unanipotezea siku na mambo ya kamba!”

Sadallah alibeba mkeka akamfuata. Walipofika kivukoni alikuwa bado hajajua ataeleza vipi vile vyumba vilivyopungua, lakini mke wake alikuwa anatembea mbele yake anaimba, na kwa siku ile hilo lilimtosha.