Ndoo ya Bwana Athmani

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe za watu, na suruali nilikuwa nimevaa. Naandika haya mguu wa kulia bado unanata.

Nyinyi wenzangu wa chuo cha ualimu mliopelekwa Kitui na Embu, pigeni magoti mshukuru. Mimi nilipoambiwa Lamu nilifurahi. Nikasema, kule si kwa Waswahili wenyewe? Lugha haitanisumbua. Kiswahili nilikuwa nawashinda nyote (Musyoka, usibishe, unajua). Nikafunga sanduku langu la bati huku napiga mluzi.

Mjinga mimi!

Nawaambia ukweli: bendera yetu mpya inapepea huku kama huko, lakini mimi nimefika ng'ambo. Nimezaliwa Machakos, na hapa kila kitu ni kigeni kwangu. Ng'ombe simwoni. Kilima sikioni. Mitaa ni myembamba hata punda akija mbele yako, mmoja wenu lazima arudi nyuma, na punda harudi.

Shule haina nyumba ya mwalimu. Mwalimu mkuu akanipeleka mtaa wa Langoni kwa Bwana Athmani, fundi cherehani, mtu mkarimu, mnene, mwenye sauti ya kuita mashua iliyokwisha kuondoka. Akanipa chumba cha wageni kilicho karibu na mlango wa mbele. Mkewe, Bi Rukiya, hakuruka kwa furaha. Mwanamume mgeni, tena kutoka bara, tena Mkristo, ndani ya nyumba yenye binti wa kuolewa! Akakubali nikae mpaka mwisho wa mwezi, aone. Nikiharibu, nitakwenda kulala darasani na popo.

Sharti lake lilikuwa moja. Katikati ya nyumba kuna uwanja usio na paa, wenyewe huuita kiwanda. Ndipo wanawake wanapokaa, ndipo kilipo kisima. "Mwalimu," aliniambia, "huku huingii mpaka upige hodi, na uitikiwe. Usipoitikiwa, hata kama nyumba yawaka moto, simama papo hapo."

Nikasema nimeelewa. (Nilikuwa nimeelewa kweli! Hilo ndilo linaloniuma.)

Na hawa watu wamenidekeza. Wakisema nami, wanasema pole pole, Kiswahili cha redioni kabisa, ili nisipotee. Wakigeukiana wao kwa wao, lugha inashika mbio na mimi nabaki kituoni. Lakini nilishajifunza kwamba nchi wanaiita nti na njia wanaiita ndia. Nilipoyajua hayo mawili nikajiona nimehitimu.

Sasa, leo alasiri walikuwa wanakuja kumposa Mwanaesha, binti wa Bwana Athmani. Mchumba ni wa kisiwa cha Pate. Jamaa zake wamefika kwa mashua: wanaume wakakaa na Bwana Athmani nje, kwenye baraza za mawe za mlangoni, wanawake wakaingia kiwandani. Mkubwa wao ni shangazi wa huyo kijana, Bi Zena, aliyemlea tangu mamake alipofariki. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, mashua inageuzwa.

Bi Rukiya alikuja mlangoni kwangu, jasho linamtoka, Kiswahili cha redioni amekisahau.

"Mwalimu, mwanangu, yeo tuna wageni wazito. Keti chumbani. Usitoke mpaka uitwe."

"Na nikiitwa?"

"Ukiitwa, toka. Lakini kwa heshima. Yule Bi Zena tangu aingie hajanyosha uso. Watu wa Pate wasema siswi wa Amu tuna maringo, twawadharau. Akiona dharau kidogo tu, basi binti yangu hana harusi."

(Amu ndiyo Lamu, siswi ndiyo sisi.) Nikamwambia asiwe na wasiwasi juu yangu. Nikafunga mlango, nikakaa kusahihisha insha za darasa la sita. (Kiswahili. Ndiyo. Mimi, mtoto wa Machakos, nimepewa kuwafundisha watoto wa Lamu Kiswahili. Endeleeni kusoma, yanakuja mabaya zaidi.)

Huko nje wanaume walikuwa wamechangamka. Mzee mmoja wa Pate alikuwa anasimulia jinsi punda wake alivyokula kofia ya mzee wa mtaa, kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, ikiwa bado kichwani. Kila akifika kwenye masikio baraza zima linaangua kicheko. Mara nikasikia sauti ya Bwana Athmani, ile ya kuita mashua:

"Mwalimu! Mwalimu wee! Ndoo! Ndoo uteke!"

Nikaweka kalamu chini.

Ndoo. Niteke. Hapa panahitaji kufikiri? Wageni wanataka kunawa, chakula kinakuja, maji yamekwisha, mwenye nyumba anamwomba kijana wa nyumbani ateke maji. Nikaona hata fahari. Nikasema, leo wamenihesabu mmoja wao!

"Naam, Bwana Athmani! Naja!"

Lakini chumbani kwangu hamna ndoo. Ndoo ya nyumba hii ni moja, ya bati, na inakaa ukingoni mwa kisima. Kisima kiko kiwandani. Kiwandani wako wanawake.

Nikasimama kwenye pazia. "Hodi!"

Hakuna aliyeitika. Ndani vyombo vilikuwa vinagongana, watu wanazungumza.

"Hodi jamani!"

Hodi zangu mimi, kelele zao wao. Na nyuma yangu: "Mwalimu! Ndoo sasa! Ndoo mbio, yatakupita!"

Nini yatanipita? Maji? Sikuuliza. Niliona mwenye nyumba anaaibika mbele ya wageni kwa ajili ya uzembe wangu. Nikapiga hodi ya tatu huku natembea. (Hodi ya kutembea si hodi. Sasa najua.)

Nikafunua pazia, nikaingia.

Mama yangu!

Sijawahi kuona watu wakitoweka hivyo. Wasichana walirukia ngazi. Mmoja alijifunika kwa alichokipata, na alichokipata kilikuwa mkeka. Bilauri zikalia. Kufumba na kufumbua uwanja umebaki na watu wawili: Bi Rukiya, mikono kichwani, na mama mmoja mtu mzima aliyekaa wima kwenye kiti, hakukimbia, amejitanda leso mpaka limebaki jicho moja. Jicho hilo lilikuwa limetua kwangu mimi. Huyo ndiye Bi Zena.

"Mwalimu!" Bi Rukiya akasema. "Umepatwa na nini?"

"Samahani sana, mama. Nimeambiwa niteke."

"Uteke?"

"Ndiyo. Niteke upesi."

Nikaona neno hilo limeanguka vibaya. Kwa nini, sikujua. Jicho likawa dogo.

"Umteke nani?" akauliza Bi Zena.

Nikashangaa. Nimteke nani? Mimi ni haramia? Nikajibu kwa adabu zangu zote, mikono nyuma: "Simteki mtu, mama. Nateka mara moja tu, halafu naondoka."

"Umekuya kututeka siswi?"

"Hapana, mama! Nyinyi ni wageni! Nikishateka nawaachia nafasi yenu."

"Na ni nani aliyekutuma?"

"Bwana Athmani mwenyewe. Wako wote nje, wazee wa Pate pia. Wananingoja."

"Wakungoya ufanye nini?"

"Niteke!"

(Msiniulize kwa nini sikutaja maji. Neno moja, maji, lingeniokoa. Lakini nani huwa anasema anateka maji? Mtu atateka nini kingine?)

Bi Zena akasimama. Ni mrefu, hamwezi kuamini. Nikarudi nyuma hatua kwa heshima. Hapo nyuma, kwenye mkeka, palikuwa na sinia kubwa la halua lililoletwa kutoka Pate kwa ajili ya bi harusi, imepambwa lozi, haijaguswa. Nawaambia haijaguswa, maana wa kwanza kuigusa nilikuwa mimi. Kwa mguu. Mguu ukazama mpaka kwenye kifundo, nikauvuta, ukakataa. Nikauvuta kwa nguvu, ukaja na sinia.

"Na halua yetu yakanyagwa!" akasema Bi Zena. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Rukiya, nilisema mimi. Nilimwambia ndugu yangu, watu wa Amu hawatutaki, watatufanya mazumbukuku. Akanambia nenda ukaone. Basi nimeona. Mwamleta mwanamume, atuingilie, atuteke usoni! Enyi wasichana, fungani vitu. Twarudi Pate."

Bi Rukiya akamshika mkono, machozi yanamtoka, anaapa hajui lolote. Huko juu nikamsikia Mwanaesha analia, "Mama! Mama, mzuie!" Na mimi niko katikati, nimevaa sinia.

Ndipo Bwana Athmani akafika. Lakini naye, kama mtu mwenye adabu, hawezi kuingia penye wake za watu. Akasimama nyuma ya pazia akanguruma.

"Mwalimu! Nakwambia ndoo, wewe waingia huko?"

"Bwana Athmani, nifanye nini? Ndoo iko huku!"

"Ndoo gani?"

"Hiyo uliyosema!"

"Mimi nimesema ndoo!"

"Ndiyo nimeifuata!"

"Umefuata nini?"

"Ndoo!"

"Nimesema ndoo huku! Huku nje!"

"Sasa nitaileta vipi huko nje kabla sijaishika?"

Nyuma ya pazia nikasikia mtu anavuta pumzi. Halafu Bwana Athmani akasema, pole pole, kwa Kiswahili cha redioni, neno baada ya neno, kama anayemwekea mtoto tonge mdomoni:

"Mwalimu. Mimi nilisema: njoo. Njoo, ucheke. Mzee anasimulia kisa cha punda. Nikakuita uje ucheke nasi."

Jamani.

Njia ni ndia. Basi njoo ni ndoo! Na nchi ni nti, basi cheka, huku, ni teka. Nilikuwa nayo yote mfukoni, sikuyaunganisha. Yaani nimesimama mbele ya shangazi wa mchumba, mama wa watu mwenye kuogopa dharau, nikamwambia uso kwa uso kwamba nimetumwa nije nicheke. Kwamba wazee wananingoja nicheke. Kwamba nikishacheka nitawaachia nafasi yao.

Nikatamani kile kisima.

"Mama," nikamwambia Bi Zena, "kwetu ndoo ni ile pale." Nikaonyesha ile ya bati. "Na kuteka ni kuteka maji."

Jicho likatazama ndoo. Likatazama mguu wangu. Likarudi kwenye ndoo. Nikaona leso inatikisika begani, nikadhani analia, nikazidi kufa. Kisha ikatoka sauti kama mlango wenye kutu, ikapanda, ikapasuka. Bi Zena alikuwa anacheka! Akakaa. Akainuka. Akakaa tena, anajipiga mapaja, leso imemwanguka na hajali. Bi Rukiya akafuata, machozi yale yale yakabadilisha kazi. Wasichana wakaangua kicheko huko ngazini. Nyuma ya pazia baraza zima la wazee lilikuwa limehamia kusikiliza, na nao wakaanza. Aliyenuna ni yule mzee wa punda tu, kwa sababu kisa chake kilikatizwa karibu na mwisho na hakuna aliyetaka tena kukisikia.

"Mwalimu," Bi Zena akasema alipoweza kusema, "sasa chukua hiyo ndoo yako, uteke, uoshe guu hilo. Halua ya watu hiyo."

Nikateka. Mbele ya watu wote. Kila kamba ilivyoshuka walicheka, kila ilivyopanda walicheka.

Halafu, nikiwa nimeinama naosha mguu, nikamsikia akimwambia Bi Rukiya: "Mimi nilikuwa naogopa nyumba ya maringo. Lakini nyumba iliyomweka kiyana kama huyu, ikampa chakula na mahali pa kulala, maringo itayatoa wapi? Mwambie mumeo. Tumekubali."

Vigelegele! Ya kwangu hakuna aliyeyakumbuka tena. Yaani waliyakumbuka, lakini kwa furaha, na hiyo ni mbaya zaidi. Nilipotoka nje wazee wakaniketisha katikati, wakataka niwasimulie tangu mwanzo. Nikasimulia. Akaja jirani, nikaambiwa nirudie, na pale penye sinia nisimame nionyeshe. Bwana Athmani aliita watu njiani kama anayenadi samaki.

Jioni nikatoroka kwenda dukani kununua mafuta ya taa. Mwenye duka, mtu ambaye sijawahi kusema naye zaidi ya salamu, aliponiona tu akanipungia mkono: "Mwalimu, ndoo! Ndoo!"

Na mimi nikasimama katikati ya njia kama nguzo, sijui kama naitwa, natukanwa, au anauza ndoo.

Bi Rukiya ameniambia nitakaa, mwisho wa mwezi na baada yake, kwa sababu akinifukuza Bi Zena atakuja kumuuliza. Nimeshukuru. Harusi itakuwa baada ya mfungo. Mwanaesha, ambaye tangu nifike hajawahi kusema nami hata neno, leo amenitumia salamu kupitia kwa mamake: ananipenda kama kaka, ananiombea heri, na siku ya harusi yake nivushwe mapema niende Mokowe, upande wa bara, na mwenye mashua aambiwe asinirudishe mpaka wageni wa mwisho wawe wamelala.

Nimeshamtafuta mwenye mashua mimi mwenyewe.