Joto 37.5, Hali ni Shwari

Jumatatu, 3 Juni
Itangazwe kwa wote walio hai: kuanzia asubuhi hii nimeacha kutumia kisu cha mkate kama bisibisi. Nina bisibisi. Kazi kubwa inataka heshima.

Mama mkwe kanikabidhi mayai yake kwa ajili ya mashine yangu ya kutotolesha: sanduku la mbao, balbu ya kutia joto, na bodi ndogo ya kielektroniki inayopima joto na kutuma habari kwenye laptopu sebuleni kwake. Asome bila kufungua sanduku. Vifaranga wakitoka, ufunguo wa stoo ni wangu, niifanye karakana. Wasipotoka, unakwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu, fundi simu, mtu wa kujisikia.

Nimewasha. Laptopu ikaandika: ÿ?x¿¿~ÿ.

Mungu wangu!

Jumanne, 4 Juni
Bado ÿ. Mke wangu kachungulia, akauliza kama mashine inatukana. Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Akasema ndiyo maana kauliza.

Nimebadilisha kebo. Nimezima, nimewasha. Nimeipuliza. Mwishowe nikabadilishana zile nyaya mbili za mawasiliano. Sasa haiandiki chochote. Kimya! Afadhali matusi.

Jumatano, 5 Juni
Shemeji kapita “kusalimia”. Tangu lini? Kaangalia nyaya, kacheka kwa pua. Eti nimeunganisha mdomo kwa mdomo: pini ya bodi inayosema nimeielekeza kwenye pini ya laptopu inayosema, hakuna anayesikiliza. Eti hata nikizirudisha, bodi inasema mbio kuliko laptopu ilivyopangiwa kusikiliza, ndiyo asili ya zile takataka. Kasi ziwe sawa, basi. “Namba moja tu, shemeji, unaibadilisha.”

Namba moja! Mchana kweupe, ndani ya nyumba ya mamaye, mtu ananidanganya namna hii! Anautaka ufunguo. Siigusi.

Alhamisi, 6 Juni
Wazo! Bodi ya nini? Nimeandika programu fupi ndani ya laptopu yenyewe. Kila dakika inaandika: “Joto 37.5. Hali ni shwari.” Ndilo joto linalopendwa na yai. Balbu inawaka, joto lipo. Huu si uongo, ni ukweli uliofupishwa.

Mama mkwe kavaa miwani, kasoma, kafuta miwani, kasoma tena. Kaniita mwanangu! Shemeji kakodoa macho hadi nikamwonea huruma. Kidogo.

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe kaniuliza kama mashine inaweza kukosea. Nikasema haiwezi, mama. Akauliza tena, kwa upole wa ajabu. Nikasema kamwe. Akasema haya, akaenda zake jikoni. Mwanamke mwelewa sana.

Jumatatu, 24 Juni
Siku ya vifaranga. Shati jeupe. Majirani wamekuja, shemeji naye, mikono mfukoni. Laptopu inasema shwari. Nikatoa hotuba fupi, nikafungua sanduku.

Viazi!

Nikapiga kelele. Mke wangu akapiga kelele kwa sababu mimi nimepiga. Viazi vya mviringo, vimepangwa kwa adabu pale pale pa mayai! Na balbu imeungua!

Mama mkwe peke yake hakushtuka. Kumbe Jumamosi ile aliingiza mkono, akakuta sanduku limepoa kabisa, huku laptopu inasema shwari. Mayai akampelekea kuku wake aliyekuwa akiatamia nyuma ya nyumba. Mashine akaiwekea viazi, aone itasemaje. “Haijalalamika hata siku moja, mwanangu.”

Huko nyuma ya nyumba vifaranga wanalia, wazima. Ufunguo kapewa shemeji. Majirani wamecheka mpaka wakaomba maji.

Jumanne, 25 Juni
Nimetafakari kwa kina. Kosa nimeliona: namba isiyobadilika inawatia watu shaka. Kwenye programu mpya namba inapanda kidogo, inashuka kidogo, kama joto lenyewe. Hapo nani atajua?

Jirani ana tangi juu ya paa, anataka kifaa cha kumwambia maji yakijaa. Nimemwahidi. Shemeji kaniuliza, akiwa mlangoni pa stoo, kama niliwahi kuibadilisha ile namba. Hila zake nimezizoea.

Mke wangu kafungua sanduku atafute cha kupika. Viazi vimechipua.